Mashua ya Ndege, Ghuba ya Mnazi: Usipande Kabla ya Kuuliza Maji

Nimepanda mara mbili mashua inayowachukua watu kutoka Msimbati kwenda kutazama ndege wa baharini ndani ya Ghuba ya Mnazi, mara ya kwanza mwezi wa Agosti na mara ya pili mwezi wa Novemba. Aliyepanda nami ile ya kwanza peke yake angeapa kuwa tuliliwa fedha zetu, na aliyepanda ile ya pili peke yake angeniona mtu wa chuki kwa haya ninayoyaandika. Nahodha alikuwa yule yule, mashua ile ile na bei ile ile; kilichobadilika ni saa ya kuondoka. Wenye huduma hawamwelezi mteja jambo hilo hata anapouliza, na kwa hiyo nitalieleza mimi kwa kirefu. Jina lao siliandiki, kwa sababu kasoro zote nitakazozitaja nimekwisha kuwaambia ana kwa ana.

Kipimo ninachowapimia nilikipata mbali. Kabla ya kurudi Mikindani kwa moja nilikuwa baharia wa jikoni katika meli ya abiria, na mkataba wangu mmoja uliishia Funchal, mji mkuu wa Madeira, kisiwa cha Ureno kilichoko katika Bahari ya Atlantiki. Nilikaa pale siku nne nikisubiri ndege ya kunirudisha nyumbani, na katika kusubiri huko nikakuta tangazo la boti inayowapeleka watu kutazama ndege wengine, wale wenye manyoya. Nilidhani ni mzaha. Kwetu ndege wa baharini hutazamwa na mvuvi anayetaka kujua samaki wako wapi, na hakuna anayemlipa mtu kwa kutazama. Nililipa kwa udadisi tu, nikitarajia kurudi na kisa cha kuwachekesha wenzangu.

Boti ile iliondoka Machico, upande wa mashariki wa kisiwa, mchana jua likiwa limekwisha kupinda, na ilirudi giza limeingia. Kabla hatujaketi vizuri mwongozaji alitueleza sababu ya kuondoka saa hizo. Petreli ni ndege wa bahari kuu ambao nchi kavu huifuata kwa ajili ya kuzaa tu, na wengi wao huingia viotoni usiku, kwa kuwa mchana shakwe huwavizia. Jioni ndipo wanapoanza kusogea karibu na kisiwa. Tulipofika kilindini alizima injini, akatupa majini donge la barafu lililogandishwa pamoja na mafuta na mabaki ya samaki, akatuambia tungoje. Donge liliyeyuka pole pole, upepo ukachukua harufu yake, na baada ya muda wakaanza kufika ndege wadogo weusi wenye mkanda mweupe kiunoni, mmoja mmoja, wote wakitokea upande ule ambako upepo ulikuwa unaipeleka harufu. Petreli ni miongoni mwa ndege wanaotafuta chakula kwa kunusa, na matundu ya pua zao yamo katika mirija iliyokaa juu ya mdomo.

Wengi katika boti ile walikuwa wamefuata petreli wa aina moja, Pterodroma madeira, ambaye wataalamu walikwisha kudhani ametoweka mpaka alipoonekana tena akizaa milimani mwaka 1969. Viota vyake vimo katika majabali yaliyo karibu na kilele cha Pico do Areeiro, chenye urefu wa mita 1,818 kutoka usawa wa bahari. Jozi zake hazifiki 100, na moto uliopita milimani Agosti 2010 uliteketeza makinda mengi ya mwaka huo. Ana ndugu yake, Pterodroma deserta, anayezaa katika kisiwa cha Bugio, na mtu huwatofautisha zaidi kwa unene wa mdomo, kazi isiyo ndogo ndani ya boti inayorukaruka. Mimi niliona kivuli cha kijivu kikipita mara moja kwa kasi. Mwongozaji alitaja jina, nami nikaamini.

Nilichotoka nacho Madeira, basi, si orodha ya ndege. Nilitoka na ufahamu kwamba boti ile ilikuwa imepangiwa ratiba na petreli, na abiria tuliifuata ratiba hiyo bila kuulizwa kama inaoana na chakula chetu cha mchana.

Niliposikia kwamba Msimbati nako sasa kuna mashua ya ndege, nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, kwa maana ghuba ile naijua tangu utoto na najua ina nini. Nilipiga simu ofisini kwao mjini Mtwara, nikajibiwa kwa adabu na kijana mmoja: safari ni kila siku, saa mbili kamili asubuhi, muda wa saa nne, shilingi 50,000 kwa kila mtu. Hakuniuliza ninataka kuona nini. Hakuniambia pia kwamba kiingilio cha hifadhi hulipwa pembeni, jambo lililowakera wageni wawili tuliokuwa nao, ambao walibeba fedha za kutosha safari na nauli tu. Eneo lote lile limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650, na kiingilio chake ni halali kabisa. Kosa ni la anayeuza safari bila kukitaja.

Siku yenyewe nilitoka Mikindani alfajiri, nikashika bodaboda kutoka Mtwara, tukapita Madimba penye kiwanda cha kuchakata gesi, na saa mbili kasorobo nilikuwa ufukweni Msimbati. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa bado mkubwa, umetoka kuwa mpevu siku mbili tu. Nilipoyaona maji yalivyokwisha kukimbia nilishtuka, lakini nikajiambia kuwa nahodha ni mtu mzima na bahari ni yake. Tuliondoka kwa wakati, nakiri, bila kuchelewa hata dakika tano. Haikupita robo tatu ya saa mashua ikagusa mchanga. Mabaharia wawili walishuka na pondo, wakasukuma, tukaenda hatua chache, tukakwama tena, na safari hii tulikwama kweli kweli. Ndege walikuwapo. Walikuwa wametapakaa kwenye matope yaliyo wazi hadi mwisho wa macho, nukta nyeupe na nukta za kahawia pembezoni mwa maji, na hapakuwa na njia ya kuwafikia isipokuwa kuzama matopeni hadi magotini.

Nilimsogelea nahodha pale tezi, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, ulijua kuwa leo ni bamvua?"

"Nilijua, mwanangu," akajibu. "Lakini ofisini wamepokea hela za saa mbili."

Tulikaa pale juani hadi saa sita na nusu, maji yaliporudi kutuinua. Safari ya saa nne ikawa ya saa tano, na zaidi ya tatu kati ya hizo tulikuwa tumeketi juu ya mchanga kama mzigo uliosahauliwa.

Kwa msomaji wa bara ambaye hajazoea hesabu hizi, mambo ni haya. Katika mwambao wetu, siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kabisa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kwenye saa nne hivi, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, saa hizo hugeuka, maji yakajaa asubuhi na kupwa alasiri, ila hayajai sana wala hayapwi sana. Ghuba ya Mnazi kwa ndani ni pana na ina kina kifupi, hivi kwamba bamvua linapotoka huacha wazi eneo kubwa la matope, mchanga na majani ya bahari, na ndege hutawanyika humo wakila. Maji yanaporudi huwasukuma hatua kwa hatua kutoka fungu moja la mchanga hadi jingine, mpaka wanajikuta wote wamebanana juu ya mafungu machache yaliyobaki, wakiwa wameshiba na hawana haraka. Huo ndio wakati wa kuwatazama, na hudumu saa mbili au pungufu. Ukienda siku ya maji mafu utaelea vizuri, lakini mafungu mengi hayatafunikwa na ndege hawatakuwa na sababu ya kukusanyika. Kwa hiyo saa mbili asubuhi ni saa mbaya katika bamvua, na katika maji mafu ni saa ya kutembea na mashua tu.

Hili kila mvuvi wa Msimbati analijua tangu alipoanza kushika kamba. Ndiyo maana hasira yangu ya Agosti haikuwa juu ya nahodha.

Novemba nilijaribu upya. Tulikuwa watano, tukatosha kuijaza nafasi ya chini wanayoihitaji: mimi, mpwa wangu, walimu wawili wa sekondari, na mfanyabiashara wa korosho kutoka bara aliyekuwa akisubiri siku ya mnada na ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, angepanda hata mashua ya kutazama mawe. Nilipiga simu ofisini nikaomba tuondoke saa nane mchana, siku ya pili baada ya mwezi kuandama. Kijana alisita, akasema utaratibu haupo, akaniomba nisubiri, na baada ya nusu saa akapiga kusema imewezekana na bei haibadiliki. Ninashuku kwamba aliyeokoa jahazi ni nahodha.

Safari hiyo ya pili ndiyo inayonifanya niisifu huduma hii. Upepo wa kusi ulikwisha kuacha, bahari ilikuwa shwari, na jua lilikuwa nyuma yetu tulipoelekea mafungu yaliyo mbele ya visiwa vya ndani. Nahodha alizima injini mbali kabla hatujafika, akasimama omo na pondo, akatupeleka taratibu bila kishindo hadi mahali ambapo macho matupu yalitosha, kisha akatia nanga na kusema tu, "Sasa watakuja wenyewe." Wakaja. Kila maji yalipomeza fungu moja, kundi liliruka na kushukia letu.

Aliyenifurahisha kuliko wote ni ndege mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi unaofanana na koleo. Tulihesabu zaidi ya 100 tukaacha. Ndege huyu hazai kwetu. Huzaa kati ya Aprili na Agosti katika fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na pwani ya Somalia, na tofauti na ndege wengine wa fukweni huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani yake, kwa kuwa yai lililofichwa gizani halihitaji madoa ya kulificha. Kisha husafiri na mwanawe hadi huku kusini, na hapo ndipo tulipokiona kile kilichomfanya mfanyabiashara wetu wa korosho aombe darubini kwa mara ya kwanza: ndege mchanga wa rangi ya kijivu, mkubwa sawa na mzazi wake, akimfuata mzazi huyo huku na huku kwenye mchanga akilia kuomba kaa, na mzazi akimpa. Walimu walicheka hadi machozi, wakasema wanao wanafunzi wa namna hiyo.

Sululu walikuwapo kwa makumi, na midomo yao iliyopinda kuelekea chini, pamoja na vitwitwi wa kila ukubwa waliotoka mbali sana kaskazini na ambao watakaa nasi hadi Aprili. Buabua tuliowaona walikuwa hasa wa aina mbili, na nilijifunza kuwatofautisha kwa mdomo: mwenye mdomo wa rangi ya chungwa ni Thalasseus bengalensis, na yule mkubwa zaidi mwenye mdomo wa manjano unaoelekea kijani ni Thalasseus bergii. Palikuwa na yangeyange weupe na wengine weusi wa kijivu wakivua bega kwa bega, na ukazuka ubishi mkali ndani ya mashua kama ni aina mbili au moja. Ni moja, Egretta dimorpha, ambaye huweza kuwa mweupe au mweusi. Mpwa wangu alishinda soda mbili.

Kuhusu nahodha kama mwongozaji nina maneno mawili. Kwa upande wa bahari hana mpinzani. Akiona buabua wanapiga mbizi mfululizo mahali pamoja, anakuambia kwamba chini yao samaki wakubwa wanawasukuma dagaa juu, na anakuambia pia kama kundi hilo linasogea au limetulia, kwa kutazama tu jinsi ndege wanavyogeuka. Elimu hiyo haipatikani Machico kwa fedha yoyote. Upande wa majina, hata hivyo, ndege wote wadogo kwake ni kitwitwi na wote weupe wanaoruka ni shakwe, na mgeni aliyekuja kuwataja ndege mmoja mmoja atalazimika kuja na kitabu chake. Kitabu kimoja cha picha ndani ya mfuko wa plastiki kingeitibu kasoro hii, na nina hakika mzee angekijua chote kabla ya mwezi kwisha.

Sasa doa. Tulipokuwa tunakaribia kuondoka, kijana wa injini, bila kuagizwa, aliiwasha na kuielekeza mashua moja kwa moja kwenye fungu lililobaki, ili, kama alivyosema, "wageni wapate picha wakiruka." Ndege wote waliinuka kwa mshindo mmoja. Picha zilipatikana, nakubali, lakini lile lilikuwa fungu la mwisho lenye mchanga mkavu, na wengi hawakurudi. Ndege aliyesafiri maelfu ya kilomita hupumzika hapo ili ahifadhi mafuta ya mwili wake, na kumrusha kila alasiri ni kumfundisha kwamba fungu lile halifai. Akiisha kujifunza hivyo, mashua hii itakuwa inauza safari za kutazama maji. Nahodha alimkemea, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukemea mara nyingi. Ninadhani wateja wenyewe huomba, na ofisi haijatoa amri ya kukataza. Kijana huyo huyo alijaribu pia kutupa matumbo ya samaki majini ili kuwavuta ndege, akafanikiwa kumpata shakwe mmoja. Buabua huwinda kwa macho, si kwa pua. Mbinu ya Madeira haina kazi ghubani.

Mengine nitayapitia haraka. Mashua ni ya mbao, imara, ina injini ya kupachika na turubai la kivuli linalotosha watu wanane. Agosti jaketi okozi zilikuwa tisa na sisi tulikuwa kumi na mmoja pamoja na mabaharia, jambo ambalo lingepaswa kuizuia safari isiondoke kabisa. Novemba zilitosha, lakini saizi ya mtoto haikuwapo hata moja. Redio hakuna, na simu yangu tulipofika kati ya ghuba ilijiunga na mtandao wa Msumbiji, kwa hiyo mtu asitegemee kupiga simu akikwama. Choo hakuna, na wanaouza safari wangefanya ustaarabu wakiwaambia akina mama mapema. Darubini ya mashua ni moja, na ndani ya kioo chake kimoja kumeota ukungu. Njoo na yako au azima.

Chakula, ambacho sikukitarajia, kilikuwa kizuri mara zote mbili: ming'oko ya kuchemsha ingali ya moto ndani ya kapu, korosho za kukaanga, na changu waliochomwa ufukweni tuliporudi. Hata siku ile ya Agosti, tukiwa tumekwama, kapu la ming'oko lilizunguka na ugomvi ukapoa.

Kwa bei ya shilingi 50,000 bila kiingilio, safari ya Novemba ni rahisi na ningeilipia hata zaidi. Ile ya Agosti ni ghali kwa bei yoyote. Nilipopita ofisini kueleza haya, mwenye mashua alinisikiliza kwa utulivu, akasema kuwa saa mbili iliwekwa kwa sababu wageni wa hotelini hupenda kurudi mjini kwa chakula cha mchana. Nikamwambia kwamba ndege mla kaa hana habari na chakula cha mchana cha mjini. Alicheka, lakini tangazo lao hadi ninapoandika bado linasema saa mbili kamili, kila siku.

Nahodha, kwa upande wake, hakungoja tangazo libadilike. Ukutani mwa banda lake pale Msimbati ameandika kwa mkaa siku za bamvua za mwezi ujao, na mbele ya kila siku saa ya kuondoka, kuanzia saa saba na nusu mchana na kusogea mbele kwa dakika 40 au 50 kila siku inayofuata. Atakayepiga simu ofisini kuomba nafasi amwambie yule kijana ampigie kwanza mzee, asomewe ukuta huo.